Kuharisha damu kusikokwisha: Mgonjwa na familia wafahamu nini?



Ndugu msomaji, yapo maradhi ambayo watu huyazungumza hadharani bila tatizo, kama vile malaria, kisukari na presha. Na yapo mengine ambayo mgonjwa huyaficha hata kwa mumewe, mkewe au mama yake mzazi. Miongoni mwa hayo ni maradhi yanayohusu haja kubwa. Mtu anaona damu chooni mwezi wa kwanza ananyamaza, mwezi wa pili ananyamaza. Akizidiwa anakwenda duka la dawa na kusema tu kwamba tumbo linamsumbua, anapewa vidonge vya metronidazoli, anapata nafuu kidogo, kisha hali inarudi. Hufika hospitali akiwa amekonda, hana damu mwilini na hana nguvu.

Katika makala hii tutaangalia maradhi ya uvimbe wa kudumu wa matumbo, ambayo hospitalini hufahamika kwa kifupi kama IBD. Tutaeleza ni maradhi gani, yanatofautianaje na kuharisha kwa kawaida, na namna gani mgonjwa na watu wa nyumbani kwake wanaweza kuishi nayo, ikiwa ni pamoja na mambo ya twahara, swala na funga.

Ni maradhi gani?

Ndani ya kundi hili kuna magonjwa mawili makubwa. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda. Huu hushambulia utumbo mpana peke yake. Kwa kawaida huanzia sehemu ya mwisho ya utumbo, karibu na tupu ya nyuma, na kupanda juu bila kuruka mahali. Vidonda vyake huwa kwenye ngozi laini ya ndani ya utumbo, ndiyo maana dalili yake kubwa ni kuharisha kunakochanganyika na damu na ute, pamoja na kubanwa na haja ghafla. Mtu huhisi bado ana haja hata kama ametoka chooni sasa hivi.

La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn ambaye mwaka 1932, yeye na wenzake wawili wa mjini New York, waliueleza ugonjwa huu kwa kina. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika mahali popote kuanzia mdomoni mpaka kwenye tupu ya nyuma, lakini hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba. Huruka ruka, sehemu moja nzima na nyingine mbovu, na hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo. Kwa sababu hiyo unaweza kuufanya utumbo uwe mwembamba na kuziba, au kutoboa njia zisizo za kawaida zinazotoa usaha pembeni mwa tupu ya nyuma. Dalili zake ni maumivu ya tumbo, hasa upande wa kulia chini, kuharisha, homa za mara kwa mara na kukonda.

Aidha, magonjwa yote mawili yanaweza kutoa dalili nje ya tumbo: viungo kuuma na kuvimba, macho kuwa mekundu na kuuma, vidonda vya mdomoni, na uvimbe wenye maumivu kwenye miundi. Wengi huanza kuugua wakiwa vijana, kati ya miaka 15 na 35, ingawa watoto na wazee nao hupata.

Jambo la msingi ambalo mgonjwa na familia wanatakiwa kulifahamu ni hili: ugonjwa huu hulala na huamka. Unaweza kulala miezi au hata miaka, mtu akawa mzima kabisa machoni pa watu, kisha ukaamka. Asiyeufahamu utaratibu huu hudhani amepona na kuacha dawa, au hudhani amerogwa pale unaporudi.

Chanzo chake

Hakuna sababu moja inayojulikana. Kinachofahamika ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hukosea na kuushambulia utumbo wenyewe. Kurithi kuna nafasi yake, na mazingira yana nafasi yake. Uvutaji wa sigara huuzidisha sana ugonjwa wa Crohn, hivyo mgonjwa anayevuta hana budi kuacha.

Haya si maradhi ya kuambukiza. Hayapiti kwenye sinia, kikombe, shuka wala kwenye choo. Mgonjwa ale na wenzake katika sinia moja, na asitengewe chombo chake kama mwenye kosa. Vile vile hayaletwi na wasiwasi wala kula pilipili, japokuwa mawazo mengi na baadhi ya vyakula huweza kuzidisha dalili.

Zamani ilidhaniwa kuwa haya ni maradhi ya Wazungu tu. Sivyo. Makadirio ya mwaka 2017 yalionesha kuwa watu wapatao milioni 6.8 duniani walikuwa wakiishi nayo, na idadi ya wagonjwa imekuwa ikiongezeka Asia, Mashariki ya Kati na Afrika pia.

Si kila kuharisha damu ni ugonjwa huu

Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana katika nchi zetu. Kuharisha damu kwetu mara nyingi husababishwa na amiba, bakteria wa kuhara damu, au kichocho cha matumbo, hasa kwa wanaoishi kandokando ya maziwa. Kifua kikuu nacho kinaweza kukaa katika utumbo na kufanana mno na ugonjwa wa Crohn, kiasi kwamba hata daktari bingwa hulazimika kupima zaidi ya mara moja. Bawasiri nayo hutoa damu, lakini kwa kawaida haileti kuharisha, homa wala kukonda.

Kosa la kutofautisha lina madhara makubwa. Dawa zinazotuliza uvimbe wa matumbo hushusha kinga ya mwili. Akipewa mtu ambaye kwa kweli ana amiba au kifua kikuu, maradhi yake yanaweza kulipuka na kuhatarisha maisha. Na kinyume chake, mwenye uvimbe wa kudumu akimeza dawa za amiba kila mwezi anapoteza wakati huku utumbo ukiendelea kuharibika.

Kwa hiyo, mtu yeyote aliyeharisha zaidi ya wiki nne, au aliyeona damu chooni zaidi ya mara moja, aende hospitali na si duka la dawa. Atapimwa choo na damu, na ikibidi atafanyiwa kipimo cha kuingizwa mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa, ambapo daktari huuona utumbo na kuchukua kinyama kidogo cha kupima. Kipimo hiki hufanyika katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando. Wengi hukikimbia kwa ajili ya haya. Ifahamike kuwa kufunuliwa sehemu za siri kwa dharura ya matibabu, kwa kiasi kinachohitajika tu, kumeruhusiwa na wanazuoni. Mgonjwa ana haki ya kuomba ahudumiwe na mtu wa jinsia yake kama yupo, na afunikwe vizuri.

Dawa: hapa ndipo wengi wanapoumia

Dawa za maradhi haya ziko makundi mawili kwa kazi yake. Zipo za kuulaza ugonjwa unapoamka, na zipo za kuufanya uendelee kulala. Prednisoloni ni ya kundi la kwanza. Hufanya kazi haraka, lakini haifai kutumika muda mrefu, kwani hupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Pia haiachwi ghafla. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa akiikatisha kwa siku moja anaweza kuishiwa nguvu na hata kuzimia, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Hupunguzwa kidogo kidogo kama daktari anavyoelekeza.

Kundi la pili ni kama mesalazini na salfasalazini kwa wenye kolaitisi, na azathioprini kwa wale ambao ugonjwa wao ni mkali zaidi. Zipo pia dawa za sindano kama infliksimabu, ambazo ni ghali na hazipatikani kila mahali. Kabla ya kuanza dawa zinazoshusha kinga, mgonjwa hupimwa kwanza kifua kikuu, homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Azathioprini huhitaji kupimwa damu mara kwa mara.

Dawa za kundi hili la pili humezwa hata kama mtu hajisikii kuumwa. Hili ndilo gumu kueleweka nyumbani. Kijana amekaa miezi sita bila tatizo, mama anamwambia, "Mwanangu, midawa yote hiyo ya nini na wewe umeshapona?" Kijana anaacha, na miezi michache baadaye analazwa akiwa anaharisha damu. Ni sawa na mwenye presha: dawa ndiyo inayomfanya aonekane mzima.

Wapo wanaotumia habbat sauda, asali na miti shamba mbalimbali. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta matibabu, na hakuna anayekatazwa dua wala asali. Tatizo ni kuacha dawa ya hospitali kwa ajili ya hivyo, au kuchanganya miti isiyojulikana ambayo baadhi huumiza ini na figo. Mwambie daktari kila unachokitumia.

Jihadhari pia na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, kwani zinaweza kuuamsha ugonjwa. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kwa mgonjwa huyu.

Chakula

Hakuna chakula kimoja kinachoponya maradhi haya. Mgonjwa aandike kwa wiki mbili au tatu anachokula na jinsi tumbo linavyokwenda, atajua mwenyewe kinachomsumbua. Ugonjwa unapokuwa umeamka, vyakula laini vinafaa: uji, wali, mtori, ndizi, viazi, mayai, samaki na kuku wa kuchemsha. Apunguze maharage, pilipili, vyakula vya kukaanga na mafuta mengi. Maziwa huwasumbua baadhi tu. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na anywe maji ya kutosha, na maji ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini pale anapoharisha sana.

Mwenye ugonjwa wa Crohn aliyeambiwa utumbo wake umekuwa mwembamba aepuke vitu vyenye nyuzi na makapi yasiyosagika, kama muwa, mahindi ya kuchoma, vipande vya nazi na maganda ya matunda. Vinaweza kuziba utumbo.

Ugonjwa ukilala, arudi kwenye chakula cha kawaida. Si sahihi kumwachisha mgonjwa kila kitu mpaka akabaki na uji mtupu mwaka mzima. Huko ni kumdhoofisha. Damu inayotoka humpunguzia madini ya chuma, na prednisoloni hudhoofisha mifupa, hivyo aulize kuhusu vidonge vya chuma, kalsiamu na vitamini D. Dada zetu wanaokaa ndani muda mrefu wapate jua uani kwao.

Twahara na swala

Wapo wagonjwa ambao, kwa kukosa elimu, wameacha swala kabisa kwa kuona kwamba hawawezi kukaa na udhu. Hili ni jambo la kusikitisha, kwani dini imewawekea wepesi.

Anayetokwa na damu au choo bila kuweza kujizuia muda wote huingia katika hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, kama yule asiyeweza kuzuia mkojo au mwanamke mwenye damu ya istihadha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tunayafuata, mtu huyu hungoja wakati wa swala uingie, hujisafisha, huweka kitambaa au pedi, hutawadha, kisha huswali bila kuchelewa. Kitakachotoka baada ya hapo hakimdhuru, na hutawadha upya kwa kila swala ya faradhi. Ama yule anayepata muda wa kutosha wa kutulia ndani ya wakati, aswali katika muda huo. Wapo wanazuoni wanaomruhusu mgonjwa kukusanya swala mbili panapokuwa na uzito. Kwa hali yako mahsusi muulize sheikh unayemwamini, na umweleze ukweli wote bila kuona haya.

Ugonjwa ni udhuru wa kutohudhuria swala ya jamaa. Na imechukizwa mtu kuswali hali ya kuwa anabanwa na haja, hivyo kutoka kwenye safu kwenda chooni si aibu. Waumini wasimtazame kwa jicho la kushangaa.

Aliyefanyiwa upasuaji na kuwekewa mfuko wa choo tumboni naye huswali. Huumwaga na kuusafisha mfuko kabla ya kutawadha, na hukumu yake ni hiyo hiyo ya mwenye udhuru.

Katika kustanji, atumie maji safi kwa upole. Sabuni kali na kusugua huchubua ngozi iliyokwisha kuwa laini kwa kwenda chooni mara kumi kwa siku. Akaushe kwa kitambaa laini, kisha apake mafuta mazito ya mgando. Akitoka nyumbani abebe mfuko mdogo wenye chupa ya maji, nguo ya ndani na kikoi au gauni la akiba.

Funga ya Ramadhani

Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Suratul Baqara amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na ambaye ugonjwa wake haumpi tamaa ya kuweza kulipa hutoa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Hivyo kula kwa mgonjwa huyu si upungufu wa imani.

Ugonjwa ukiwa umeamka, kufunga ni hatari. Mwili unapoteza maji na damu, na kukaukiwa maji kunaweza kuharibu figo na kufanya damu igande kwenye mishipa. Vile vile aliyewekewa mfuko kwenye utumbo mwembamba hupoteza maji mengi, asifunge bila idhini ya daktari. Ama yule ambaye ugonjwa wake umelala, huenda akaweza kufunga. Amwone daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani ili dawa zipangwe kati ya magharibi na daku. Dawa za kuingiza njia ya nyuma kwa kawaida hutumiwa usiku wakati wa kulala, hivyo hazigongani na funga. Kwenye futari asianze na sambusa na kachori. Aanze na tende, maji na uji, na asile kwa mkupuo. Damu ikionekana, afungue na aende hospitali.

Anayejiandaa kwa Hija akumbuke pia suala la chanjo. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, haifai kwa anayetumia dawa za kushusha kinga mpaka azungumze na daktari. Ile ya homa ya uti wa mgongo haina tatizo hilo.

Ndoa, mimba na watoto

Mgonjwa huyu anaoa, anaolewa na anazaa. Afiche nini basi kwa mchumba wake? Ukweli uelezwe mapema, nyumba ijengwe juu ya uaminifu. Salfasalazini inaweza kupunguza nguvu za mbegu za mwanamume, lakini hali hiyo hurudi sawa dawa ikibadilishwa. Kwa mwanamke, ni bora abebe mimba ugonjwa ukiwa umelala angalau miezi kadhaa. Asiache dawa kwa kuhofia mtoto, kwani ugonjwa ulioamka ndio unaohatarisha mimba zaidi. Dawa nyingi huendelea kutumika wakati wa ujauzito, isipokuwa chache kama methotreksati, ambayo ni marufuku. Amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Mtoto mwenye maradhi haya anaweza kudumaa. Mzazi aongee na mwalimu wa shule na ustadh wa madrasa ili mtoto aruhusiwe kwenda chooni wakati wowote bila kunyanyua mkono na kungoja. Mtoto aliyejichafua darasani mara moja mbele ya wenzake anaweza kukataa kurudi tena.

Wajibu wa familia

Familia inaweza kusaidia kwa mambo madogo. Mgonjwa apewe nafasi ya kwanza chooni, na asigongewe mlango. Maji yawepo chooni muda wote. Asiitwe mvivu anapolala mchana, kwani uchovu ni sehemu ya ugonjwa huu hata pale tumbo linapotulia. Mtu mmoja wa nyumbani aende naye kliniki, ajue majina ya dawa na tarehe ya kurudi. Gharama zikiwa nzito, waulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali badala ya kukatisha dawa kimya kimya.

Mtu akishaishi na ugonjwa wa utumbo mpana kwa takriban miaka 8, huhitaji kuchunguzwa kwa kamera kila baada ya muda atakaopangiwa, kwa sababu hatari ya saratani ya utumbo huongezeka. Ikigundulika mapema hutibika.

Dalili za hatari

Mkimbizeni mgonjwa hospitali haraka mkiona mojawapo ya haya:

1. Anaharisha damu mara sita au zaidi kwa siku, hasa akiwa na homa au mapigo ya moyo yanakwenda mbio.
2. Tumbo limevimba, ni gumu na linauma sana.
3. Anatapika na hatoi choo wala hewa.
4. Kuna uvimbe au usaha kwenye tupu ya nyuma.
5. Ana kizunguzungu, anazimia, au mkojo umekuwa kidogo na mweusi.
6. Mguu mmoja umevimba na kuuma, au anapumua kwa shida.

Ndugu msomaji, maradhi haya hayajapata dawa ya kuyamaliza kabisa, lakini wengi wanaoyafuatilia vizuri hufanya kazi, husoma, hulea na hufanya ibada zao. Kinachowaangamiza wengi ni kunyamaza. Leo hii, kabla ya kulala, waulize watu wa nyumbani kwako kwa upole kama yupo anayeona damu chooni. Huenda yupo anayengoja kuulizwa tu.

Wabillaahi tawfiiq.